Injini Mbili za Bustanini

Katika ukoo wetu ziko injini mbili za gari la moshi, zote ndogo, zote za kwenda juu ya reli zilizolazwa bustanini, na zote zinadai kuwa ni mfano wa injini moja kubwa. Ya kwanza iko Mbale, nayo iliundwa na marehemu baba yetu. Ya pili iko Jinja. Imeundwa na mpwa wetu, naye husema kuwa ni ile ile ya babu yake, ila imesanifiwa upya. Tumezilinganisha mara nyingi, pengine kwa ugomvi. Na kwa kuwa ile ya kwanza tumekuwa tukiitumia kufundishia Kiswahili, tumeona si vibaya kuwaeleza walimu wenzetu yale tuliyoyaona.

Hapana budi kuanza na injini kubwa yenyewe. Baba alifanya kazi katika karakana ya reli mjini Nairobi mpaka Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilipovunjika mwaka 1977, kisha akarejea kwao Mbale. Injini alizozipenda kuliko zote zilikuwa za aina ya 59. Zilikuwa 34, zikatengenezwa na kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester na kuletwa kwetu mwaka 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 na urefu wa karibu mita 32, na katika reli za upana wa mita moja hapakuwa na injini za mvuke duniani zilizozishinda kwa nguvu. Zilipakwa rangi ya damu ya mzee, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mojawapo iliitwa Mount Elgon, yaani mlima wetu wa Masaba. Kazi kubwa ya injini hizo ilikuwa kati ya Mombasa na Nairobi, mbali kabisa na jabali la Wanale linaloutazama mji wa Mbale kutoka juu. Baba alikuwa akisema kwa mzaha kuwa mlima nao ulikwenda kutafuta kazi ugenini kama yeye.

Injini hizo ni za namna iitwayo Garratt, kwa jina la Mwingereza Herbert William Garratt aliyeomba hataza yake mwaka 1907. Maana yake ni hii: boila haikukalia magurudumu, bali ilining'inizwa katikati, juu ya fremu iliyoegemea magari mawili, moja mbele na jingine nyuma, na kila gari lina silinda zake na magurudumu yake. Mahali fremu inapolikalia kila gari pana egemeo linalozunguka. Kwa hiyo injini ndefu kiasi hicho yaweza kupinda inapofika konani, na uzito wake hugawanyika juu ya magurudumu mengi, 28 kwa jumla, ambayo kati yake 16 ndiyo yaliyosukuma.

Baba hakuanza na Garratt. Injini yake ya kwanza ilikuwa kipande kimoja, mkebe wa Kimbo juu ya ubao, nayo ilisukumwa kwa fimbo kama watoto wasukumavyo motokaa za waya. Reli zake zilikuwa mikanda ya chuma iliyofungiwa marobota ya pamba, aliyoipigilia juu ya mataruma ya mkaratusi, na upana wake ulikuwa urefu wa kibiriti kimoja, yaani milimita 50. Mita moja ya Nairobi ikawa kibiriti kimoja cha Mbale. Reli iliuzunguka mwembe uliokuwa uani. Alipoirefusha injini ili ifanane na zile za karakanani, kila ilipofika nyuma ya mwembe ilianguka. Alihangaika nayo kwa msimu mzima wa mvua. Mwishowe aliikata vipande vitatu akaviunga kwa pini mbili, na tangu siku hiyo haikuanguka. Alicheka sana. Alikuwa ameshika Garratt kwa miaka mingi, akakaza nati zake, lakini alisema hakuwahi kuelewa kwa nini zilitengenezwa vile mpaka mwembe ulipomfundisha.

Magurudumu aliyayeyusha kutoka katika sufuria kuukuu za alumini, akayamimina katika mchanga, moja moja, yote 28. Hayakulingana sawasawa. Injini ilipokwenda ilichechemea kidogo, nasi tulipokuwa wadogo tuliijua sauti yake hata tukiwa ndani ya nyumba.

Ubavuni aliandika majina ya viungo vyake kwa brashi nyembamba. Boila aliiita tumbo. Magurudumu madogo ya mbele, yanayoongoza njia, aliyaita miguu ya mbele. Zile pini mbili aliziita viuno. Sisi wakati huo tulikuwa tumetoka chuoni juzi tu, tumejaa sarufi na msamiati sanifu. Tukamwambia kwamba tumbo si neno la ufundi, na kwamba kiuno cha injini hakimo katika kamusi yoyote. Tena tulikuwa na wasiwasi, wasiwasi ambao mwalimu yeyote wa Kiswahili nchini Uganda ataujua, kwamba wenzetu wataambiwa Kiswahili ni lugha ya kambini na karakanani tu. Baba alisikiliza mpaka tukamaliza, akatupa brashi. "Haya, andikeni yenu upande ule." Basi tukaandika upande wa kulia: boila, magurudumu elekezi, egemeo. Mpaka leo injini ile ina lugha mbili, ubavu wa kushoto yake, ubavu wa kulia yetu, na zote ni Kiswahili.

Mpwa wetu hakumwahi babu yake. Alivutiwa na mambo ya reli alipotembelea makumbusho ya reli yaliyofunguliwa Jinja mwaka 2022, mji ambao una haki ya kuwa nayo, kwani reli ya Jinja hadi Namasagali ilianza kazi mwaka 1912, miaka 19 kabla ya daraja la reli kuuvuka mto Naili na magari kufika Kampala. Alipata kwa rafiki yake vipande vya reli ya bustanini vya upana wa milimita 45, kipimo kilichoenezwa na kiwanda cha Lehmann cha Ujerumani tangu mwaka 1968. Kwa kipimo hicho reli ya mita moja hupunguzwa mara 22 na kidogo, kwa hiyo injini ya aina ya 59 ingekuwa na urefu wa karibu mita moja na nusu. Lakini kona za reli alizopata zilikuwa kali mno. Ukiziunga zote hupata duara la upana wa mita moja na sentimita 20 tu. Injini ingekuwa ndefu kuliko uwanja wake!

Akaifupisha mpaka sentimita 80. Boila ni bomba la plastiki, ndani mna mota na betri, na ukibonyeza kidude mkononi huenda, husimama, hurudi nyuma, na hupiga honi. Rangi ni ile ile ya damu ya mzee, imepakwa vizuri kuliko alivyopaka baba. Ubavuni ameandika Masaba. Tangi la maji liko mbele na tangi la mafuta liko nyuma kama inavyotakiwa, ila vyote vimekazwa juu ya fremu moja. Magurudumu yake ya kusukuma ni manane. Ya katikati ameyakwangua kingo ili yasikwame konani. Ni hila nzuri ya ufundi, nasi twamsifu kwayo. Lakini injini hiyo haipindi, na Garratt isiyopinda, kwa maoni yetu, imevaa koti la mtu mwingine. Tulimwambia hivyo, pengine kwa ukali kuliko ilivyostahili.

"Mjomba," akajibu, "ile ya babu haijawahi kwenda. Ilisukumwa."

Hatukuwa na jibu. Na kabla hatujalipata, akatuomba magurudumu. Yake ya plastiki yalikuwa mepesi, yakiteleza. Alihitaji manane ya chuma, na yale ya alumini aliyomimina babu yake yalimfaa kwa kipenyo, akikata tu ekseli ili zitoshe milimita 45. Tulikataa. Baada ya wiki mbili tukakubali. Tukayatoa yale manane ya gari la nyuma, kwa mikono yetu wenyewe, na tangu hapo injini ya baba imesimama kwa miguu ya mbele, nyuma imekalia tofali. Wako jamaa ambao hawajatusamehe kwa jambo hilo, wala hatuwalaumu.

Muhula uliofuata tulizipeleka zote mbili darasani Mbale. Tulitazamia kwamba ile mpya ingewafurahisha wanafunzi kwa dakika tano, kisha wangeirudia ya zamani, wakiguse kila kiungo na kukitaja jina, kama walivyofanya wenzao wa miaka yote. Haikuwa hivyo. Ile mpya ilipoanza kuzunguka sakafuni, darasa lilijaa vitenzi. Inakuja! Imesimama. Itaanguka! Haikuanguka. Inarudi, irudishe, irudisheni! Kwa miaka mingi injini ya baba ilikuwa imetupa nomino, nasi tukaridhika na "hili ni tangi, hiki ni kiuno", bila kutambua kwamba hatukuwahi kuwasikia wanafunzi wakibishana kwa Kiswahili juu yake. Tulikaa nyuma ya darasa na daftari, tukiandika njeo baada ya njeo.

Mwezi wa Desemba mpwa wetu alikuja Mbale kwa siku kuu. Asubuhi moja tulimkuta uani amelala chali chini ya injini ya babu yake, akiitazama kutoka upande wa kushoto, ubavu wa maneno ya mzee. Alikuwa ameziunga reli zake upya huko Jinja, kona ni pana zaidi sasa, na yuko tayari kuunda ya tatu. Aliweka kidole juu ya neno akalisoma polepole, kisha akauliza kama ni kweli babu aliandika kiuno. Tukasema ni kweli, na kwamba upande wa pili limeandikwa egemeo. Hakuinuka kwenda kulitazama. Aliusukuma mkebe wa mbele kwa kiganja, ukageuka kidogo huku tumbo likibaki pale pale, akausukuma tena, kisha akaomba rula na kalamu.