Karatasi ya sanduku la sabuni

Wengi mumeniuliza juu ya nini mimi, kapita wenu, nilifika nyuma ya kengele siku ya kufungua masomo, viatu vimejaa vumbi, na baba yangu iko na motokari. Niliwajibu kwamba motokari imekufa. Jibu lile halikuwa la kweli, basi leo ninaandika mambo namna yalivyokuwa.

Motokari ya baba ni Peugeot 404, kamioneti ya turubai, ya mwaka 1972. Inamupita mama umri. Kwa hiyo kamioneti baba anachukua maharagi Kavumu na kuyauzisha sokoni Kadutu, na maharagi yale ndiyo minervali yangu. Wakati wa mapumziko ya Pasaka aliipeleka garaji wasafishe karbirateri, sababu ilikuwa inakula esanse mingi. Fundi akasema karatasi inayokaa chini ya karbirateri imekauka na kupasuka, inafaa mupya. Baba akanipa pesa mimi, nikanunue.

Sikununua. Nilinunua mukaba mweusi, ule munaouona kila asubuhi nikisimama mbele ya mistari yenu. Nikachukua sanduku tupu la sabuni, nikakata karatasi yake kwa wembe, nikifuata mfano wa ile ya zamani, nikamupelekea kijana anayejifunza kazi kwa fundi. Aliigeuza-geuza. “Yaya, hii ni karatasi tu.” Nikamujibu kwa sauti ile munayoijua: “Weka.” Akaweka.

Motokari ikarudi nyumbani. Mbio ilikwenda vizuri, hata kupanda mulima. Lakini baba akiachia mafuta tu, ralanti haishiki: moteri inatetemeka kama mutu wa homa, halafu inazimika. Sokoni ilizimika mara tatu katikati ya watu. Baba akauliza nini kimeharibika. Mimi nikasema, mbele ya majirani: “Labda yule kijana aliiba jigleri.” Jigleri ni kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu la kupitisha esanse. Sikuwa nimeona kitu. Neno lilitoka tu, na baba akaenda kumuita kwa hasira.

Kijana alikuja na funguo zake katika mufuko wa sukari. Hakujitetea. Alianza na mambo yote ambayo mikono ya garaji iligusa. Kwanza nyuzi za bujii: wakizichanganya, moteri inatetemeka vilevile. Alizifuata kwa kidole, 1-3-4-2, zilikuwa sawasawa. Akapima platini, milimita 0,4, nzuri. Halafu moteri ikiwaka, akaondoa uzi mumoja mumoja, mukono umefungwa kitambaa kikavu. Kila mara sauti ilishuka, na kwa zote ine ilishuka sawasawa. “Papa, hakuna silinda iliyokufa,” akasema. “Zote zinaumwa ugonjwa mumoja.” Akazungusha visi ya ralanti huku na huku: hakuna kilichobadilika. Hapo nilianza kutoka jasho.

Akaomba maji ya sabuni. Akayadondosha polepole kuzunguka shina la karbirateri, na moteri ikabadilisha sauti, ikatulia kidogo, halafu ikatetemeka tena. Hewa ilikuwa inaingia pale kwa wizi. Alimuelezea baba: kwa ralanti mulango wa hewa uko karibu kufungwa, moteri inapumua kidogo sana, basi hewa kidogo ya wizi inaharibu kipimo chote, ukikanyaga mafuta mulango unafunguka, na hewa ile ya wizi haina tena nguvu. Ndiyo sababu mulimani hatukusikia kitu.

Alifungua karbirateri. Jigleri zilikuwamo zote, akazionyesha kwa majirani mumoja mumoja. Halafu akabandua karatasi. Ilikuwa imelegea kwa esanse, upande mumoja umekatika, lakini herufi za buluu za sabuni zilisomeka bado. Akaiweka juu ya bawa la motokari, akanitazama, akanyamaza.

Baba akaisoma. “Nani alikata hii?”

“Ni mimi, baba.”

“Na pesa?”

Nilishika mukaba.

Nilimuomba kijana musamaha pale pale, mbele ya wale wale waliosikia neno langu. Alisema, “Yaya, unishikie ile turnevisi.” Kesho yake baba alinunua karatasi ya kweli, yeye mwenyewe, na ralanti ikashika, ikawa laini mpaka tukasikia kuku wa jirani.

Siku ya kufungua masomo motokari ilikuwa nzima kabisa. Nilitoka asubuhi kwa miguu, sanduku kichwani. Ilinipita njiani ikielekea Kavumu, na baba hakusimama.