SUBIRA SI KUFICHA MAUMIVU



Ndugu yangu katika imani, leo nakiri kosa langu ili wewe usilirudie.

Mjomba wangu wa Mbagala alipata saratani ya koo. Akapangiwa mionzi Ocean Road, siku tano kwa wiki, wiki saba. Wiki ya tatu mdomo ukajaa vidonda, mate yakakauka, hata uji ukawa unamchoma. Akanipigia simu. Nikamwambia: "Mjomba, fanya subira, usilalamike." Akanitii. Daktari akimuuliza, anajibu: "Alhamdulillah, sijambo." Ramadhani ikaingia, akafunga.

Akakonda mpaka kile kinyago kinachoshika kichwa kisicheze wakati wa mionzi kikampwaya. Ikabidi atengenezewe kingine. Siku zikapotea, na mionzi ikikatizwa, saratani hupata nafasi.

Daktari akaniambia kwa upole: "Sheikh, angesema mapema tungempa dawa ya maumivu." Nikainamisha kichwa.

Ndugu yangu, kumweleza daktari maumivu yako si kumlalamikia Mola wako. Nabii Ayyub (a.s.), mfano wetu wa subira, aliitaja dhara iliyompata alipomwomba Mola wake. Na mgonjwa ana ruhusa ya kula Ramadhani, akipona atalipa. Ruhusa ya Allah ni rehema, usiikatae.

Basi ukiwa na mgonjwa wa namna hii, shika haya:

1. Kabla ya mionzi, aonwe na daktari wa meno. Jino liking'olewa baadaye, taya huweza kukataa kupona.
2. Asukutue mara nyingi kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Mswaki uwe laini.
3. Ale vilaini: uji wa maziwa, mtori, supu iliyopoa. Aache pilipili, ndimu, sigara na ugoro.
4. Shingoni asipake mafuta yoyote bila kuuliza, wala asiichome kwa jua.
5. Afanye mazoezi ya kumeza na kufungua mdomo atakayofundishwa.
6. Asikose siku hata moja. Kama tatizo ni nauli, sisi majirani tupo wapi?

Mjomba alimaliza, Alhamdulillah. Mate bado machache. Huja msikitini na chupa yake ya maji. Kila nikiiona, naikumbuka ile simu.

Allah awaponye wagonjwa wetu. Sema Aamiin, kisha mpigie mgonjwa wako umuulize: "Unaumwa wapi?"

Wabillahi tawfiq.