Kutafuta rangi za watoto, kutoka mjini mpaka soko la Kenya

Mama mmoja wa darasa langu alikuja mlangoni akaniambia wazi: «Madamu, siku ya kuchora mtoto wangu atakuwa anabaki nyumbani.» Hakuwa na pesa ya kreyo. Tangu 2019 primeri ya serikali hailipishwi, lakini kaye, biki na rangi zimebaki juu ya mzazi. Na mtoto huyo ndiye mwenye mkono mzuri kuliko wote 43.

Kamati ya wazazi ikachanga franka 45.000. Jumamosi nikatoka nazo asubuhi, kwa miguu.

Nilianza katikati ya mji, upande wa Posta. Katika papeteri kila kitu ni kizuri: boksi za rangi za maji, karatasi nzito. Nilipiga hesabu, pesa yangu ingetosha watoto sita au saba. Kitu kimoja tu nawashauri mnunue huko, ni burashi. Zile za bei ndogo zinaacha manyoya juu ya karatasi, na baada ya juma moja unabaki na kijiti. Nilichukua nane, watoto watapokezana.

Nikashuka kuelekea Kamalondo, kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Wamama wengi hawawazi kuingia humo kwa ajili ya masomo. Kopo moja ya rangi nyeupe ya maji, ile ya ukuta wa ndani, pamoja na vichupa vitatu vya kutia rangi, nyekundu, njano na buluu, inatosha darasa muhula mzima. Kijani wanakitengeneza wenyewe, na siku hiyo kelele haiishi!

Lakini angalieni sana. Mwaka jana muuzaji mmoja aliniuzia kopo akiapa kwamba inatoka kwa maji. Ilikuwa rangi ya mafuta. Yunifomu tisa ziliharibika, na mimi nikapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Tena yunifomu si ndiyo hasara kubwa. Rangi za mafuta, zaidi zile kali za njano na nyekundu, mara nyingine zina madini ya risasi, na risasi inaharibu akili ya mtoto pole pole bila kuonekana. Tafuteni maandishi «sans plomb» juu ya kopo. Kama hayapo, acheni. Hata ile ya maji si ya watoto wadogo ambao bado wanatia vidole kinywani.

Soko la Kenya nilifika jua likiwa kali. Hapo kreyo zinauzwa moja moja. Msilipe kabla ya kujaribu: nyingine ni nta tupu, unasugua mpaka karatasi inapasuka na rangi haionekani. Mimi natembea na kipande cha karatasi mkononi, wauzaji wananicheka. Kwa mama muuza makala niliomba vile vijiti vyembamba vya chini ya mfuko, alinipa bure. Weusi wake unapita kreyo yoyote. (Ule weusi wa ndani ya betri za tochi, ambao tulizoea kupaka nao ubao, usiwape watoto.) Kwa muuza vitambaa nilipata masalio ya amerikani. Ukipaka uji mwembamba wa bunga na kuanika, inashika rangi vizuri.

Na hili si jambo geni katika Lubumbashi. Bela, aliyekuwa katika karakana ya Romain-Desfossés iliyoanzishwa mwaka 1946, alichora kwa ncha za vidole, bila burashi. Tshibumba Kanda Matulu, miaka ya 1970, alichora historia ya inchi yetu juu ya vitambaa vya mifuko ya bunga. Mifuko ya leo ni plastiki, rangi inabanduka, nilijaribu.

Karatasi nilizipata njiani nikirudi, kwa kijana wa fotokopi: zile zilizoharibika upande mmoja. Anazichoma kila jioni. Sasa ananiwekea.

Kwa wale wenye likelemba, kopo na vichupa mnaweza kununua kwa zamu, kila nyumba ikachota katika chupa yake yenye kifuniko.

Zilibaki franka 3.000. Nikanunua sabuni.

Siku ya kuchora ni Ijumaa. Yule mtoto alikuja, akakataa burashi, akachukua makala.