Handeni kabla ya vuli: maji, ukuta na haki ya jirani

Msafiri atokaye Korogwe kwenda Handeni huvuka Mto Pangani, ambao wenyeji wengi wa huku huuita Ruvu, kisha akashika barabara ya lami ya kilomita zipatazo 65 kupitia Sindeni na Misima. Akisafiri mwezi wa Septemba, ataona kuwa kila anavyosonga mbele ndivyo anavyoyaacha maji nyuma yake. Nyasi zimekauka, udongo mwekundu umepasuka, na njia nzima hupishana na pikipiki na baiskeli zilizofungwa madumu ya njano. Afikapo Chanika, katikati ya mji wetu, hana haja ya kuuliza watu wa hapa wanahangaikia nini.

Uhaba huu si wa jana. Katika karne ya 19, njaa iliyoletwa na ukame mkali iliwatoa Wazigua wengi katika ardhi hii. Baadhi yao walipelekwa utumwani hadi Somalia, na huko wazao wao waliendelea kuzungumza Kizigua vizazi kwa vizazi. Vita vilipoipasua Somalia baada ya 1991, baadhi ya wazao hao walikimbilia Tanzania, wakapokewa kwanza Mkuyu na baadaye Chogo, hapa hapa wilayani Handeni, na wengi wao wakapewa uraia. Mwenyezi Mungu aliwarejesha katika ardhi ya mababu zao. Basi tunapozungumzia maji katika mji huu, tunazungumzia jambo lililowahi kuamua nani abaki na nani apotee.

Serikali nazo zimejitahidi. Bomba kuu lililojengwa miaka ya 1970, ambalo kila mtu hulijua kwa jina la HTM, huvuta maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma hadi huku. Siku hizi Handeni imo pia, pamoja na Korogwe, Muheza na Pangani, katika mradi wa maji wa miji 28 unaogharamiwa kwa mkopo kutoka India. Hayo ni ya kushukuru. Hata hivyo, ipo neema nyingine isiyosubiri mkandarasi: mvua inayoshuka juu ya mabati yetu wenyewe. Vuli huja kwa kawaida kati ya Oktoba na Desemba, na masika kati ya Machi na Mei. Mwenye nyumba aliyejiandaa mwezi wa Septemba huipokea mvua kama mgeni aliyetarajiwa, na asiyejiandaa huipokea kama mvamizi.

Hesabu yake ni nyepesi, na tunawaomba wazazi waifanye pamoja na watoto wao. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita 10 kwa 8 ina mita za mraba 80. Ikinyesha mvua ya milimita 20 kwa siku moja, paa hilo limepokea lita 1,600. Tukitoa sehemu ya tano kwa yale yanayoruka na kuvuja, zinabaki lita 1,280, yaani ndoo 64 za lita 20. Ni ndoo ngapi hizo ambazo binti angezibeba kichwani asubuhi, akachelewa shule au madrasa?

Maandalizi yake hayahitaji utajiri. Paa lifagiliwe majani na vumbi, na misumari iliyolegea ikazwe. Michirizi ipewe mwinamo kidogo kuelekea upande wa tangi, maana maji yaliyotuama ndani yake huzaa mbu. Maji ya mvua ya kwanza yaachwe yapite, kwa kuwa yanabeba kinyesi cha ndege na vumbi la kiangazi kizima. Mdomo wa tangi ufunikwe wavu mwembamba na kifuniko kizito, kwa ajili ya mbu na kwa ajili ya usalama wa watoto. Ya kunywa yachemshwe. Shimo la choo nalo lichunguzwe mapema, lisije likafurika, na lisiwe karibu na kisima. Umbali unaoshauriwa ni mita 30 au zaidi.

Baada ya paa, tuutazame ukuta. Nyumba nyingi za vitongojini mwetu ni za miti, fito na udongo, na adui wa udongo ni matone yanayoruka kutoka ardhini zaidi ya yale yatokayo mbinguni. Ndiyo maana wazee walijenga upenu mpana na kibaraza kuuzunguka ukuta. Septemba ni mwezi wa kukandika upya: udongo wa kichuguu, samadi ya ng'ombe na nyasi zilizokatwakatwa, vikandwe kwa miguu na kulazwa usiku kucha kabla ya kupakwa. Tabaka la kwanza likauke kivulini polepole ndipo lifuate la pili, kwani likikaushwa na jua kali hupasuka.

Ni katika jambo hili la ukuta ndipo kamati yetu ya msikiti ilipofikishiwa shauri mwezi huu. Bibi mmoja mjane, anayeishi na wajukuu watatu, anapakana na ndugu yetu aliyeezeka bati jipya. Bati hilo halina mchirizi, na maji yake yote huangukia mguu wa ukuta wa bibi. Tulipokwenda kutazama, tuliukuta ukuta umelika hadi fito zinaonekana. Tulimsalimu, akatuitikia na kutukaribisha mkekani.

"Wanangu," alituambia, "mimi sina ugomvi na jirani yangu. Yeye ndiye aliyenipeleka hospitali mwaka jana. Ila mvua ikija, nitawalaza wapi hawa?"

Maneno hayo yalikuwa mazito kuliko mashtaka. Mvua za Oktoba 2019 ziliuacha Mkoa wa Tanga na misiba na barabara zilizokatika, na hakuna katika mji huu asiyejua kuwa ukuta wa udongo uliolowa hauangukii mchana peke yake.

Sheria yetu ina kauli iliyo wazi: katika Uislamu hakuna kudhuru wala kudhuriana. Mtu ana haki ya kuezeka paa lake, lakini hana haki ya kulimwaga tatizo lake kwenye msingi wa mwenzake. Ndugu yetu tulimwendea kwa faragha, baada ya swala ya Isha, bila kumtaja mbele ya jamaa. Alisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hakuwahi kuutazama ukuta ule kutoka upande wa pili. Asubuhi alikwenda mwenyewe kuutazama. Wiki hiyo hiyo aliweka mchirizi, akaelekeza bomba kwenye tangi lililo mpakani, na akatamka kuwa nusu ya maji ni ya bibi. Hivyo maji yaliyokuwa yakibomoa yatakuwa ya kunawia na kupikia.

Palibaki kuukarabati ukuta wenyewe. Baadhi ya wajumbe walipendekeza tuchukue sehemu ya fedha zilizokwisha changwa kwa ajili ya rangi ya msikiti. Pendekezo lilitoka katika moyo wa huruma, lakini kamati ililikataa, kwa sababu sadaka iliyotolewa kwa kusudi maalumu ni amana, na sharti la mtoaji huheshimiwa. Badala yake tulitangaza mchango mwingine baada ya swala ya Ijumaa. Fedha zilizopatikana zilikuwa chache. Mikono iliyopatikana ilikuwa mingi. Vijana walibeba udongo, kina mama wakaleta maji ambayo wenyewe walikuwa wameyanunua kwa dumu, na pande tatu za nyumba zimekwisha kukandikwa. Upande wa nne, ule ulioathirika zaidi, umewekwa fito mpya na unasubiri tabaka la pili.

Tusiusahau ua wa nyumba. Mashimo ya miti yachimbwe sasa, sentimita 60 kwa upana na kina, udongo wa juu utengwe na wa chini, kisha ule wa juu uchanganywe na samadi iliyooza na kurudishwa kwanza. Miche ipandwe mvua zikishashika, si kwa tone la kwanza linaloweza kufuatiwa na wiki mbili za jua. Mchungwa, ambao ardhi ya Mkata na Kabuku imeuzoea, mwembe, mpapai na mwarobaini yote yatufaa, ila miti mikubwa ikae mbali na ukuta na shimo la choo. Shina lizungushiwe matandazo ya nyasi kavu, yasiligusie, ili unyevu udumu na mchwa wasipate njia. Maji ya kuoshea vyombo yapelekwe kwenye mgomba. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Muislamu akipanda mti, kila anachokula humo mtu, ndege au mnyama ni sadaka kwake. Ua wa nyumba, basi, ni mlango wa thawabu ulio hatua chache kutoka jikoni.

Ndugu wasomaji, popote mlipo, iwe Korogwe, Muheza au mbali zaidi, tunawausia jambo moja kabla ya mvua. Mkimaliza kukagua paa zenu, zungukeni nyuma ya nyumba mkatazame maji yenu yanaangukia kwa nani. Tunapoandika haya mawingu yameanza kukusanyika upande wa mashariki, na Jumamosi tutakuwa kwa bibi kuukamilisha ukuta wa nne. Twamuomba Allah aijaalie mvua hii iwe ya rehema, na atukutanishe nayo kazi ikiwa imekwisha. Amin.