Farasi 11 wa Nairobi walivyoniumbua Bwejuu!

Mpenzi msomaji, wiki hii sina kisa cha mtu. Kisa ni changu mwenyewe, na ukinicheka sikulaumu. Hata mimi nikikumbuka najicheka, ila si mbele ya mjomba.

Wanaonijua wanaujua ugonjwa wangu. Wenzangu wakipata vijisenti wananunua viatu, wengine wanavimalizia kwa vidosho. Mimi nanunua jeti za kabureta. Kwa miaka miwili nilikuwa kibarua kwenye gereji moja ya Industrial Area, Nairobi, na gereji ile ilikuwa na kitu ambacho ukimsimulia mshkaji wa Temeke anadhani unamtania: daino. Jina lake kamili dainamometa. Ni mashine ya kupimia nguvu. Pikipiki inapandishwa, gudumu la mbele linafungwa, la nyuma linakaa juu ya pipa zito la chuma. Unakoleza moto, pipa linazunguka. Kwa kuwa uzito wa pipa unajulikana, kompyuta inaangalia tu linaongeza kasi haraka kiasi gani, halafu inakuchorea mstari na kukutolea karatasi. Hapo kwenye karatasi ndipo unapowakuta farasi wako.

Usiniulize farasi wameingiaje kwenye pikipiki. Ni mambo ya James Watt, fundi wa injini za mvuke wa karne ya 18, aliyetaka wateja waelewe mashine yake inafanya kazi ya farasi wangapi. Kwa hesabu inayotumika sana kwenye pikipiki, farasi mmoja ni nguvu ya kunyanyua kilo 75 kwenda juu mita moja kwa sekunde moja. Basi.

Pikipiki yangu ilikuwa Boxer BM 150, ile ile inayokubeba wewe kila siku kutoka kituoni. Kiwanda kinasema ina farasi 12 ikifika mizunguko 7,500 kwa dakika. Nikaipandisha kwenye daino, ikatoa 8.4! Nilikasirika kama mtu aliyepunjwa nyama buchani. Bosi akacheka, akanionyesha namba ya pili pale pale kwenye karatasi: 10.2.

Sikilizeni, maana hapa vijana wengi huwa wanapigwa. Nairobi iko juu, mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya kule nyepesi. Injini ya kawaida inapoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa hiyo 8.4 ndiyo nguvu iliyokuwepo kweli pale gerejini siku ile. Hiyo 10.2 ni hesabu ya kompyuta: ingekuwa chini huku pwani, hewa nzito, ingetoa kiasi hicho. Na zile 12 za kiwandani zinapimwa kwenye injini yenyewe, kabla nguvu haijapita kwenye gia, cheni na tairi. Njiani humo inaliwa. Kwa hiyo mtu akikuringia namba, muulize kwanza imepimiwa wapi, na ni ya kabla au ya baada ya kusahihishwa.

Mimi hayo yote niliyajua, na bado yaliyonikuta yamenikuta.

Nikaanza kuichokonoa. Nikafungua ekzosi ipumue, nikasugua njia ya hewa kwenye kichwa cha injini, nikabadili jeti, siku hadi siku, mshahara hadi mshahara. Mwisho nikaipandisha tena. 11.3! Nikapiga yowe gereji nzima ikageuka. Bosi hakushangilia. Akaipiga mara ya pili, 11.0. Mara ya tatu, 11.1. Akasema pikipiki ile ile, dakika zile zile, tairi likipata moto au mkanda ukilegea namba inacheza, kwa hiyo ile ya juu nisiitie kichwani. Halafu akaweka karatasi ya zamani na mpya pamoja, akapitisha kidole.

"Wewe unaangalia hapa juu tu. Hebu angalia laini yote."

Nikaangalia. Kweli, huko juu, mizunguko 8,000, mstari mpya ulikuwa umempita wa zamani. Lakini huku chini, kati ya 3,000 na 5,000, wa zamani ndiye aliyekuwa juu. Nguvu za farasi ni mvuto mara mizunguko. Ukipata mizunguko mingi unaweza kupata farasi wengi huku mvuto wa chini umeuuza. Boxer ya kiwandani mvuto wake mkubwa unakuja mapema, kwenye mizunguko 5,000, kwa sababu waliojenga walijua itabeba abiria wawili na gunia la mkaa. Nani anaendesha bodaboda kwenye mizunguko 8,000?

Nikamjibu "sawa bosi", nikaikunja karatasi yenye 11.3, nikaitia kwenye pochi mahali pa picha ya mchumba. Zile nyingine mbili sijui zilikwenda wapi.

Mwaka jana kibarua kikaisha. Nikarudi na Boxer yangu, Namanga, Arusha, Chalinze, hadi Dar. Nilipofika chini huku ikaanza kupiga chafya na kupata moto. Nikatoa plagi, nyeupe kama chaki. Hata mwanafunzi wa gereji angejua: jeti niliyoichagua kwa hewa nyepesi ya Nairobi ilikuwa inatoa mafuta kidogo mno kwa hewa nzito ya pwani. Injini inachoma kavu, na ukiendelea pistoni inaweza kukwama au kutoboka. Jeti ya zamani nilikuwa nayo, kwenye kiberiti, mfukoni. Sikuirudisha. Kuirudisha ni kukubali kwamba ile karatasi ni ya Nairobi, na mimi niko Mbagala. Ubishoo mbaya jamani.

Basi bwana, mama akaniambia twende kwao tukasalimie. Kwao ni Bwejuu. Si ile Bwejuu ya Unguja ya watalii. Hii ni Kisiwa cha Bwejuu cha Mafia, kijisiwa kilichoko kusini-magharibi ya Kilindoni, kwenye mkondo unaoelekea delta ya Rufiji. Tulivuka kutoka Nyamisati, pikipiki nikaiacha kwa jamaa pale Kilindoni, maana kule mchanga, minazi na mashua. Farasi pekee wa kule wako kwenye mashine za boti.

Mjomba ana mashine ya farasi 15, Yamaha ya tustroki, ya kuchanganya oili. Jioni ya kwanza tu, baada ya shikamoo na marahaba, nilishatoa karatasi. Wazee wakaipokezana chini ya mnazi. Mjomba akauliza, "Kwa hiyo mjomba, hii ya kwako kumi na moja, ya kwangu kumi na tano?" Nikamwambia ndiyo, ila yako haijapimwa, na naona inavuta moshi sana, inakula mafuta bure. Kumbe mashine za boti hutajwa kwa nguvu inayopimwa kule kwenye shafti ya propela, yaani yeye 15 yake ilishakwisha kukatwa, yangu ndiyo ya kwenye sifa. Hilo sikulisema.

Asubuhi nikatoa plagi zake. Nyeusi, zina oili. Jicho langu la Nairobi likasema mafuta yamezidi. Nikachukua bisibisi, nikaizungusha skrubu ya kabureta kuipunguzia mafuta ya mwendo mdogo. Nikatoka na boti peke yangu, maji shwari, boti tupu. Ikalia safi kama cherehani mpya. Mjomba akafurahi, akanipa pweza.

Siku mbili baadaye tukatoka kwenda Kilindoni. Ndani mjomba, mimi, mabinamu wawili, ndoo za samaki, na binti wa mjomba mwenye mimba ya miezi minane, siku yake ya kliniki. Ilikuwa msimu wa kusi, upepo umeamka mapema.

Sasa mtu wa bahari akipita kwenye mawimbi hakolezi moto moja kwa moja kama sisi wa barabara ya Kilwa. Wimbi likija anapunguza, likipita anafungua, anapunguza, anafungua. Na kila mjomba alipofungua, mashine ikakohoa. Mara ya kwanza akanitazama. Mara ya tano haikukohoa tena, ilizima.

Boti bila mashine inageuka ubavu. Wimbi la kwanza likatulowesha, la pili likaingia. Mabinamu wakashika makopo, wanakumba maji. Mjomba akavuta kamba ya kuwashia, akavuta, akavuta. Mimi nilikuwa najua kabisa tatizo liko wapi. Bisibisi iko kwenye begi, begi nimeliacha nyumbani. Yule binti ameshika ukingo kwa mkono mmoja na tumbo kwa mkono mwingine. Hakupiga kelele. Aliniangalia tu, akasema:

"Kaka, na ile karatasi yako inaelea?"

Msomaji, nimewahi kutukanwa stendi ya Ubungo na makondakta wanne kwa pamoja. Haikuniuma hivyo.

Ikawaka. Mjomba hakuthubutu tena kuipunguza. Akaishikilia ikiwa nusu moto, tukapigwa kila wimbi mgongoni mpaka gatini. Binti akapelekwa kliniki, akaonekana hana neno, yeye na mtoto. Mjomba akaenda kuuza samaki wake. Na mimi hakuniambia kitu. Siku nzima. Wenye wajomba wa pwani mnajua, bora angenizaba kibao.

Fundi wa mashine pale Kilindoni alisikiliza mara moja tu, akauliza nani ameigusa. Akairudisha skrubu. Akanieleza kwa upole, jambo ambalo lilizidi kuniumiza, kwamba tustroki inachoma oili, na mashine inayotembea polepole kwenye nyavu plagi yake lazima iwe nyeusi, si ugonjwa. Mafuta niliyoyapunguza ndiyo yale yanayoishika injini pale unapofungua ghafla ukiwa na mzigo.

Nikajifanya kubisha. Nikasema hakuna kipimo, huenda ni maji kwenye petroli. Fundi akacheka, "Kipimo unataka?"

Ndugu zangu, nimeona daino ya Nairobi, ila ya Bwejuu kiboko. Fundi alikuja nasi kesho yake. Tukaazima mizani ya saa, ile ya kuning'iniza ya kilo 100 wanayopimia mbata. Boti ikasukumwa majini, nyuma ya boti likafungwa kapi. Kamba ikapita kwenye kapi, ncha moja kwenye mnazi, ncha ya pili kwenye mnazi mwingine kupitia mizani. Hivyo mizani inasoma nusu tu ya mvuto, unazidisha mara mbili. Nikataka tuanze, fundi akakataa. Tungoje maji yasimame, akasema, sasa hivi yanatoka, yataisaidia mashine na namba itakuwa ya uongo. Nikamkumbuka bosi na namba zake mbili.

Tukaanza na skrubu nilivyoiweka mimi. Moto wote: mizani 57, yaani kilo 114. Skrubu ya fundi, moto wote: 56, kilo 112. Nilimshinda! Nikataka kuruka. Fundi hata hakugeuka. "Sasa robo." Yake robo moto: 19, mshale umetulia, anafunga na kufungua, unarudi pale pale. Yangu robo moto: 14, mshale unatetemeka, akafungua ghafla... kimya. Ikazima, kamba ikalegea majini.

Ile karatasi ya Nairobi nilikuwa nayo mfukoni. Nikaitoa, nikaufuata mstari wote kwa kidole, kuanzia chini, kwa mara ya kwanza tangu nilipoikunja.

Niliporudi Kilindoni nilifungua kile kiberiti, nikarudisha jeti ya kiwandani. Sehemu niliyoisugua haisuguliki kinyume, na ekzosi nimeagiza nyingine. Sasa hivi sijui ina farasi wangapi, ila nimempakia binamu na magunia mawili ya nazi kwenda Utende, haikupiga chafya hata mara moja. Plagi imekuwa rangi ya biskuti.

Mjomba alikuja kunisindikiza. Nguzo ya kibanda chake cha nyavu ameandika kwa mkaa: 112, na chini yake 38, maana ile robo nayo ameizidisha mara mbili. Hiyo 38 ameizungushia duara. Nikambusu mkono, nikaomba radhi tena. Akaitikia, kisha akasema:

"Ukija mara nyingine, mjomba, karatasi iache huko. Niletee mizani ya kilo 200. Hii ya mbata mwenyewe anaidai."