Macho Manne Chini ya Mwembe

Akina mama wenzetu, hakuna kitu kinachoweza kukaa kimya uani na bado kikaleta maneno ndani ya nyumba kama gari bovu. La kwetu lilikaa chini ya mwembe miezi sita, hapa Kibiti, na katika miezi hiyo lilisemwa kuliko miaka yote lililokuwa likitembea. Anayeandika ni mama wa nyumba, lakini gari lilikuwa la wote wawili na makosa yalikuwa ya wote wawili, kwa hiyo tutasema "sisi" tangu mwanzo hadi mwisho.

Lilikuwa Toyota Celica ya mwaka 1994, nyekundu, ya milango miwili, na mbele lilikuwa na taa nne za mviringo. Watoto wa jirani wakaliita Macho Manne. Nyuma walikaa watoto wawili wakikunja magoti, na tumbo lake lilikuwa karibu na ardhi kiasi kwamba kila tuta la barabarani tulilipanda kwa upande, kama kaa. Tulilinunua Dar es Salaam mwaka 2009 kwa mtu aliyekuwa akihama nchi. Mwalimu (ndivyo wote wanavyomwita baba wa nyumba hii, hata sisi tukiwa mbele ya wageni) alikuwa mwanafunzi wa sekondari mwaka 1994, wakati Ian Duncan wa Kenya aliposhinda Safari Rally akiendesha Celica. Kwa kuwa Celica zilikwisha kushinda mbio hizo mara kadhaa tangu mwaka 1984, Mwalimu aliamini kabisa kwamba gari hilo limeumbwa kwa barabara zetu. Tulimwambia kwamba yale ya mashindano yalikuwa na mafundi waliosubiri njiani na spea mkononi, na kwamba la kwetu halivuti kwa magurudumu manne wala halina turbo. Hakusikia. Na tuseme kweli, sisi nasi tulipenda kushuka mbele ya kanisa katika gari lile.

Lilitufaa. Kila Krismasi lilitupeleka Masasi kwa wazazi, hata miaka ile ambayo kipande cha kilomita 60 kati ya Ndundu na Somanga kilikuwa bado hakijatiwa lami, na shokapu zikalia njia nzima. Usiku mmoja wa mwaka 2011, mvua ikinyesha, lilitukimbiza hospitali ya Mchukwi tukiwa na uchungu wa kitinda mimba wetu, tumejilaza kiti cha nyuma na mguu mmoja juu ya dirisha. Mtoto hakuzaliwa garini, lakini alikaribia.

Mwanzoni mwa Januari 2024 tulikuwa tukirudi kutoka Masasi. Tulipoipita Somanga mshale wa joto ukapanda. Mwalimu akasema tujikaze tufike Ikwiriri. Sisi hatukupinga, watoto walikuwa na njaa, jua lilikuwa kali, tukasema twende tu. Hapo ndipo gari lilipouawa. Tungesimama pale pale, tukangoja lipoe, tatizo lingekuwa rejeta iliyotoboka na basi. Lakini silinda hedi ya injini ile ni ya aluminiamu, na aluminiamu ikichemka kupita kiasi hupinda. Ikipinda, gasketi huachia, maji yakaingia kwenye oili. Fundi alipochomoa kijiti cha kupimia, oili ilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Wenzetu mnaopanda gari na waume zenu, mkiona rangi hiyo msiruhusu liwashwe tena hata kwa kujaribu.

Fundi aliandika hesabu kwenye karatasi: kusawazisha silinda hedi kwa mashine huko Dar, seti ya gasketi, rejeta, shokapu nne, bushi, matairi mawili na ufundi. Jumla shilingi 3,400,000. Gari likiwa zima lisingepata mnunuzi wa zaidi ya milioni nne. Mwalimu aliona bado kuna faida. Injini ile, alisema, ni ile ile iliyofungwa kwenye RAV4 na Caldina za miaka ya tisini, kwa hiyo spea zake ziko tele Kariakoo. Hilo lilikuwa kweli. Alilosahau kutaja ni kwamba milango, kioo cha mbele na yale macho manne hayako tele popote, na kwamba Toyota waliacha kutengeneza Celica mwaka 2006.

Kisha Aprili ikaja na mafuriko ya Rufiji. Mji wetu haukuzama, lakini huko delta maji yalifunika mashamba, na mpunga tuliolima kwa ubia na familia moja ya huko ukaoza ukiwa umesimama. Binti yetu mkubwa alikuwa anamaliza kidato cha sita mwezi uliofuata na alitaka kusomea uuguzi. Ada ya mwaka wa kwanza, na vifaa, na malazi, ilikaribia shilingi 1,800,000. Tulikuwa na 900,000 kwenye kikoba. Mpunga ndio ungejaza pengo.

Sasa sikilizeni yaliyotokea, maana hatuyasemi kwa fahari. Mmoja wetu alichukua 400,000 kati ya zile za kikoba akampa fundi kama kianzio, bila kumwambia mwenzake. Na huyo mwenzake, asiyejua hilo, alikwisha kupatana na mnunuzi wa chuma chakavu alibebe gari lote kwa 500,000, siku ambayo mwenye gari angekuwa kazini. Mnunuzi alikuja na lori lake siku ya Jumamosi badala ya Ijumaa. Mwalimu alikuwa barazani akinywa chai.

Hatukupigiana kelele. Ingekuwa afadhali. Tulinyamaziana siku nne, tukapitishiana chumvi kwa mikono ya watoto. Binti yetu aliyasikia yote na siku ya tano akatuambia kwamba anaweza kungoja mwaka mmoja kabla ya kwenda chuo. Alisema kwa upole mno, na upole ule ndio uliotuuma.

Julai tulilazimika kwenda delta kuwaona wabia wetu, tujue kama kuna mbegu na kama tutalima tena. Tulipanda gari la abiria hadi Bungu, tukashika njia ya Nyamisati, na pale tukaingia kwenye boti. Ukiingia kwenye mikoko maneno hupungua yenyewe. Tulikaa ubao mmoja, mabega yakigusana kwa sababu ya nafasi, si kwa mapenzi.

Kijijini tulimkuta baba wa wabia wetu, mzee fundi wa vyombo, akitia kalafati kwenye dau lililoegeshwa juu ya magogo. Tulimwamkia.

"Marahaba, wanangu. Mwalimu, mbona umekuja kwa miguu? Gari lako jekundu li wapi?"

Mwalimu akamweleza habari yote, hadi bei ya gasketi. Mzee aliendelea kugonga pamba kwenye maungio ya mbao. Tukamwuliza dau lile lina miaka mingapi.

"Aliliunda marehemu baba."

"Kwa mbao hizi hizi?"

Akacheka. "Mbao nimebadilisha karibu zote. Mkuku ndio ule ule. Mbao ni nguo tu, mama. Mkuku ukioza, hapo hutengenezi chombo, unaunda kingine huku ukijidanganya kuwa ni kile kile." Kisha akamgeukia Mwalimu. "Gari lako, mkuku wake umeutazama?"

Hakuna aliyekuwa ameutazama. Fundi wetu alifunua injini kwa sababu tulimwambia injini ndiyo inayoumwa.

Jioni ile, tukila wali na kamba, mazungumzo yalifika kwenye manowari ya Wajerumani, kama yanavyofika daima ukiwa na wageni huko. Mwalimu hufundisha historia, akaisimulia vizuri kuliko alivyowahi kuisimulia nyumbani. Septemba 1914 Königsberg iliizamisha meli ya Waingereza iitwayo Pegasus pale Zanzibar, mara injini yake ikaharibika, ikajificha humu deltani. Vyuma vilivyovunjika vilikokotwa na watu wa nchi hii zaidi ya kilomita 100 hadi karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikakokotwa tena kurudi. Injini ikapona. Lakini Waingereza walikuwa wamekwisha kuziba milango ya mto, na Julai 11, 1915 meli ikaangamizwa humu humu, ikiwa na injini nzima. Wajerumani wakang'oa mizinga, wakaiburuta nchi kavu na kuendelea nayo vitani.

Akanyamaza kidogo. "Walitengeneza kilichovunjika," akasema. "Hawakuwa na pa kwenda nacho."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi kusema jambo akitutazama usoni.

Tuliporudi Kibiti tuliazima jeki mbili. Tukaling'oa zulia la ndani, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya miaka yote 15, kisha Mwalimu akachukua bisibisi na kuchoma chini, inchi kwa inchi. Mbele palikuwa pazuri. Chini ya kiti cha dereva pazuri. Nyuma, pale mizigo inapokaa, na pale shokapu za nyuma zinaposhikilia bodi, bisibisi ilipita kama kisu kwenye papai. Tukaona ardhi.

Tulijua mara moja ni nini. Kwa miaka mingi tulikwenda Nyamisati kuchukua kaa wa mikoko na kuwauza kwa wenye hoteli, na tuliwabeba nyuma ya gari lile, kwenye matenga yaliyofunikwa magunia mabichi ili wasife. Maji ya chumvi yalichuruzika chini ya zulia safari baada ya safari. Mwalimu alikuwa akilalamikia harufu, naye tukamjibu kwamba harufu hiyo ndiyo iliyoezeka nyumba yake bati. Na ni kweli iliezeka. Lakini mkuku wa gari lake ulikuwa umeliwa na kaa zetu.

Tulikaa chini, mchangani, wote wawili. Tukaomba msamaha kuhusu zulia. Yeye akaomba msamaha kuhusu kikoba. Tukaomba tena, kuhusu lori. Kuchomelea sakafu ile yote na mashikio ya shokapu kungeongeza karibu milioni moja na nusu juu ya zile tatu na nusu, na fundi wa kuchomelea alitwambia wazi, Mungu ambariki, kwamba kutu ikishafika pale hurudi, na shokapu ikichomoka ukiwa mwendo kasi hutasimulia.

Basi tukafanya walivyofanya wale wa mizinga. Hatukumwita tena mtu wa chuma chakavu. Mwalimu alitafuta kwa simu wenye Celica kama ile huko Dar, nao wapo, na wana wivu na magari yao kuliko wanawake na vitenge. Mmoja alichukua milango, kioo cha mbele na zile taa nne. Mwenye RAV4 ya zamani alichukua injini kwa ajili ya bloku, ambayo ni ya chuma cha kumimina na ilikuwa salama. Giaboksi ikaenda kwingine. Fundi alirudisha nusu ya kianzio. Bodi iliyobaki ndiyo tuliyoiuza kwa kilo. Kwa jumla tulipata shilingi 1,700,000, na tulipoziweka pamoja na zilizobaki kikobani binti yetu alipanda basi Oktoba ile, sanduku lake likiwa jipya.

Siku walipokuja kung'oa taa Mwalimu alikwenda shuleni, ingawa ilikuwa likizo. Sisi tulibaki, tukadhani tutakuwa imara, mpaka walipotoa kiti cha nyuma, kile cha usiku wa mvua. Tukawaambia hicho hakiuzwi.

Kipo chini ya mwembe hadi leo, juu ya matofali manne. Mwalimu hukaa hapo jioni akisahihisha madaftari. Kuku mmoja aliyezoea kutagia humo wakati gari limelala bado huja kila siku, husimama mbele yake, humtazama kwa jicho moja, na Mwalimu husogea.