Nguvu na Hila chini ya Kikapu

Kijana mrefu wa Mbezi Beach hakosi kuambiwa acheze mpira wa kikapu, kana kwamba urefu ni ustadi. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alikuwa na mita 2.21. Tarehe 16 Februari, 2009, akichezea Chuo Kikuu cha Connecticut, mkono wake ulinasana na wa DeJuan Blair wa Pittsburgh katika kugombea mpira. Blair, mfupi kwake kwa shibiri nzima, akamrusha juu ya bega.

Je, ni hila au ni nguvu? Kumfunga mpinzani mkono ni hila ambayo mwamuzi huiona kwa shida, na kuuvuta mkono uliofungwa ndilo jibu lake. Lakini Blair hakudaka mipira 23 siku ile, na Thabeet 4, kwa kurusha watu. Alikunja magoti, akatanguliza nyonga, akawahi mahali. Na hayo sheria inayaruhusu.

Mwaka ule ule Memphis ilimchagua Thabeet wa pili katika NBA. Blair akawa wa 37. Wakosoaji walimwita Thabeet laini, neno lenye dhuluma kidogo, maana alianza mchezo huu akiwa na miaka kama 15. Alidumu katika ligi hiyo hadi 2014, Blair hadi 2016.